Diski C imejaa: kipi kihame, kipi kibaki

Mstari wa nafasi chini ya herufi C ukishakuwa mwekundu, washauri hawakosekani. Kwenye njia ya Bunia kwenda Komanda, huku Ituri, sekretari wa shule pale Marabo ataambiwa na fundi mmoja ahamishie kila kitu D. Fundi wa pili atamwambia asithubutu, Windows itakufa. Muuza vifaa atamshauri anunue diski ya nje, na kijana aliyesomea Kampala atasema siku hizi kila kitu huwekwa mtandaoni. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, ndiyo maana mwenye mashine hutoka hapo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Mkanganyiko umezidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mwenye mashine inayokubaliwa na Windows 11 anataka kupanda, na Windows 11 inadai diski ya GB 64 kwa uchache. Ambaye mashine yake haikubaliwi anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, nayo pia yanataka nafasi ya kushukia. Kwa hiyo C iliyojaa ina madhara zaidi ya ule wekundu: mashine haisasishwi, nayo ndiyo inayochomekwa flashi za kila anayepita kuchapisha barua.

Swali la kuhamisha folda limebeba maswali matatu, na wengi huyajibu kwa jibu moja. La kwanza ni la nafasi: C itapumua? La pili ni la fundi: siku akifomati, kazi yangu itabaki? La tatu ni la mashine yenyewe: ikiibwa, ikiungua au ikiachwa nyuma watu wakikimbia, kazi yangu itakuwa wapi? Kuhamisha folda kwenda D hujibu swali la kwanza nusunusu, la pili vizuri sana, na la tatu halijibu kabisa. Ugomvi mwingi juu ya jambo hili huzuka kwa sababu mmoja anazungumzia swali la pili na mwenzake la tatu.

Udogo wa C unatoka wapi

Kompyuta nyingi za Ituri ni za okazioni. Huingia kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi na Aru, au kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, baada ya kutumika miaka kadhaa kwenye ofisi za mbali. Ofisi kubwa hazikuwa na haja ya diski kubwa mezani kwa mfanyakazi, kwa kuwa kazi zake zilikaa kwenye seva. Zilinunua SSD ya GB 128, ya kasi na ya bei nafuu, zikaridhika. Mashine hiyohiyo ikifika Marabo haina seva nyuma yake. Inabeba barua, picha, sinema, muziki wa kwaya na orodha za wanafunzi kwenye diski ambayo haikukusudiwa mzigo huo.

Chanzo cha pili ni kompyuta ndogo za bei rahisi zilizoenea kuanzia mwaka 2014. HP Stream 11 ya mwaka huo ilitoka na GB 32 tu za eMMC, chipu iliyounganishwa na ubao mama. Chipu hiyo haichomoki ikabadilishwa.

Chanzo cha tatu ni mafundi wenyewe. Diski ngumu ya GB 500 hugawanywa patisheni mbili, C ikapewa GB 80 au 100 na D ikachukua zilizobaki. Mtindo huo ulikuwa na akili wakati wake. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliomba GB 1.5 tu, hivyo C ya GB 20 ilitosha na kubaki. Windows 7 ya mwaka 2009 ikafika GB 20 kwa toleo la biti 64. Mahitaji yakapanda, mkono wa fundi ukabaki na vipimo vyake vya zamani.

Kabla ya kuhamisha, pima

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kilichojaza C ni folda za mtumiaji. Pengine ndizo, pengine sizo. Fungua "Paramètres", kisha "Système", kisha "Stockage", usubiri Windows ihesabu. Kwa sekretari anayeandika barua na kupanga orodha, folda ya "Documents" huwa nyepesi ajabu. Barua ya Word isiyo na picha ni kilobaiti chache. Maelfu yake hayafiki GB moja. Walaji halisi wako kwingine: "Téléchargements", ambako faili moja imepakuliwa mara nne, na "Vidéos".

Kisha kuna walaji wasioonekana. Faili ya hiberfil.sys, ambayo Windows huitumia kulala usingizi mzito na kuamka haraka, kwa kawaida huchukua karibu asilimia 40 ya RAM. Mashine yenye RAM ya GB 8 hupoteza zaidi ya GB 3 hapo. Amri moja ya msimamizi, powercfg /h off, huirudisha nafasi hiyo, kwa gharama ya mashine kuwaka polepole kidogo. Folda ya Windows.old, mabaki ya toleo la awali baada ya kupanda, inaweza kuwa kubwa kuliko kazi zote za ofisi. Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, nafasi ikipungua sana unaweza kuiondoa mapema. Na matoleo ya Windows 10 ya kuanzia 2019 hujitengea yenyewe takriban GB 7 kwa ajili ya masasisho.

Mlaji mkubwa zaidi huitwa AppData. Ni folda iliyofichwa ndani ya profaili ya kila mtumiaji, ambamo programu huweka kumbukumbu zao: alamisho na manenosiri ya Firefox, barua za Thunderbird, picha na video zilizopokelewa na WhatsApp ya kompyuta. Mtu anaweza kuhamisha "Documents", "Images" na "Musique" zote, akatoka na GB 5, huku AppData ikibaki na GB 25 palepale. Hapo ndipo lawama huanza kwamba fundi amedanganya. Fundi hakudanganya, hakupima tu.

Wazo lenyewe ni la kale

Kutenga vitu vya mfumo na vitu vya watu hakukuanza na Windows. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiunda Unix kwenye kompyuta ya PDP-11 huko Bell Labs, faili za watumiaji zilikaa kwenye diski ya pili, katika saraka ya /usr. Diski ya kwanza ilipojaa, programu za mfumo zikafurika kuingia huko, na baadaye watumiaji wakatafutiwa makao mengine. Mpaka leo, anayesakinisha Linux anaweza kuweka /home kwenye patisheni yake, akabadilisha mfumo mzima bila kugusa barua hata moja.

Windows ilifika huko kwa mzunguko. Windows 2000 iliwapa wasimamizi wa mitandao uwezo wa kuelekeza folda za wafanyakazi kwenye seva. Vista, mwaka 2007, ilihamisha makao ya watumiaji kutoka "Documents and Settings" hadi "Users", na ikampa mtu wa kawaida kichupo cha mahali katika sifa za kila folda kuu: eneo la kazi, nyaraka, picha, video, muziki, vilivyopakuliwa. Kwa hiyo anayesema "Windows itakufa" kwa sababu umehamisha "Documents" amekosea. Microsoft yenyewe ndiyo iliyotengeneza mlango huo. Lakini onyo lake lina mahali pake, tutaliona.

Njia iliyoruhusiwa na mitego yake

Utaratibu ni mfupi. Kwenye D unaunda folda mama, tuseme KAZI, na ndani yake folda ya Documents. Unabofya kulia kwenye "Documents" ya zamani, unachagua "Propriétés", kisha kichupo cha "Emplacement", kisha "Déplacer", unaonyesha folda mpya, unakubali. Windows itauliza kama ihamishe na faili zilizomo. Jibu ni ndiyo. Rudia kwa kila folda, kila moja na makao yake. Faida ni kwamba programu hazihitaji kuambiwa. Word ikiuliza Windows "nyaraka za mtu huyu ziko wapi?" hujibiwa D, na kazi inaendelea.

Mtego wa kwanza ni kuelekeza folda kwenye mzizi wa D, yaani D:\ penyewe, bila folda ndani. Hapo diski nzima hugeuka kuwa "Documents", hubadilika jina na alama, na kuirudisha ni kazi inayoweza kumpeleka fundi hadi kwenye rejista ya Windows. Mtego wa pili ni ndugu yake: kuelekeza "Bureau" na "Documents" kwenye folda moja. Huwa kitu kimoja, na ukifuta kwenye eneo la kazi umefuta na kwenye nyaraka.

Mtego wa tatu ni wa umeme. Kutoka C kwenda D, Windows hunakili kwanza, kisha hufuta. Umeme ukikatika katikati, faili zinabaki zimegawanyika pande mbili, na mwenyewe hajui ipi ni ipi. Umeme wa Budana unaofika Bunia hauendi vijijini, na kwenye vituo vya barabarani watu hutegemea sola na jenereta. Betri ya kompyuta ya okazioni nayo mara nyingi ni jina tu. Nakili kwa mkono kwanza, hakikisha nakala zinafunguka, ndipo ubadilishe mahali. Ni hatua ya ziada, na haina mbadala.

Mtego wa nne ndio unaosemwa kidogo kuliko yote, na kwa ofisi ndio mzito. Folda zilizo ndani ya profaili kwenye C zina ulinzi: mwenye akaunti nyingine ya kawaida hawezi kuzifungua. Patisheni ya D haina ulinzi huo. Kwa mpangilio wa kawaida, kila anayeingia kwenye mashine hiyo kwa akaunti yake anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta vilivyomo. Kwenye kituo cha afya ambako muuguzi mkuu na mtunza fedha wanatumia kompyuta moja, kuhamisha nyaraka kwenda D ni sawa na kuziweka mezani. Rejista za wagonjwa, mishahara, barua za nidhamu, zote zinasomeka. Dawa ipo: kichupo cha "Sécurité" kwenye sifa za folda mpya, ukate urithi wa ruhusa na kubakiza akaunti ya mwenye folda pamoja na msimamizi. Lakini nani huikumbuka?

Pamoja na mitego hiyo, faida ya njia hii inaonekana wazi siku ya kufomati. Huku kwetu kufomati ndiyo dawa ya kwanza ya fundi: virusi, fomati, mashine nzito, fomati, nenosiri limesahaulika, fomati. Kila safari C inafutwa. Aliyeweka kazi yake D hupoteza programu na alamisho, anabaki na nyaraka. Windows ikishawekwa upya, akaunti mpya huenda ikakataliwa kufungua folda ya zamani kwa kuwa Windows haimtambui tena mwenyewe. Msimamizi hukubali ombi la ruhusa, kisha "Emplacement" huelekezwa tena kwenye folda ileile, na kila kitu kinarudi.

Kuna jambo moja dogo la kuzuia msiba mkubwa. Kwenye skrini ya kusakinisha Windows, patisheni haziandikwi C na D. Huandikwa "Lecteur 0 Partition 2", "Lecteur 0 Partition 4" na ukubwa wake. Fundi mwenye haraka, foleni ikiwa ndefu, hufuta zote. Ukiwa umeipa D jina, kwa mfano KAZI, jina hilo linaweza kuonekana pale kando ya namba. Herufi nne tu, na zimetosha kumsimamisha mtu.

Wanaotaka kuhamisha profaili nzima

Kundi hili linasema: kwa nini folda moja moja? Hamisha "Users" yote, pamoja na AppData, tatizo limekwisha. Kimantiki wana hoja, kwa kuwa AppData ndiyo nzito na ndiyo isiyohama kwa "Emplacement". Inawezekana kufanyika kwa faili ya maelekezo wakati wa kusakinisha, au kwa kubadilisha rejista.

Hapa ndipo onyo la fundi wa pili lina uzito. Microsoft imeandika wazi katika maelekezo yake kwa wasakinishaji kwamba haipendekezi kuweka saraka ya profaili kwenye diski tofauti na ya mfumo, na kwamba ukifanya hivyo masasisho yanaweza yasiingie. Mtu anayefanya hivyo ili apate nafasi ya kupanda Windows 11 anaweza kujikuta ndiye aliyeifungia njia. Tena, D ikiwa ni diski ngumu ya zamani na C ni SSD, umeondoa kwenye diski ya kasi faili ambazo programu huzisoma kila sekunde. Windows itawaka haraka, kisha kivinjari kitatambaa.

Ndugu wa njia hii ni viungo vya NTFS. Kwa amri ya mklink /J unaihamisha folda halisi D, unaacha kwenye C mlango unaoelekea huko. Programu hudhani haikuhama. Microsoft huzitumia yenyewe: "Documents and Settings" unayoiona ukifichua folda zilizofichwa kwenye Windows za leo ni kiungo tu kilichoachwa kwa ajili ya programu za zamani. Kwa folda moja ya programu kaidi, kiungo ni suluhisho safi. Kwa profaili nzima ni mtihani, kwa kuwa baadhi ya programu za kunakili huzifuata folda hizo mara mbili na nyingine huziruka kabisa, na fundi atakayekuja baada yako hatajua ulichofanya.

Diski ya nje, na mtandaoni

Muuza vifaa anaposhauri diski ya nje, hakosei kuhusu nakala. Anakosea akisema folda za kazi za kila siku zihamie humo. Diski isipochomekwa wakati wa kuwasha, Windows hulalamika kwamba mahali pa eneo la kazi hapapatikani. Ukichomeka flashi ya mteja kwanza, diski yako inaweza kupata F badala ya E, na folda zote zikaonekana zimepotea. Diski nyingi za nje huuzwa zikiwa na mfumo wa exFAT, usiojua ruhusa za mtumiaji: anayeishika ndiye anayesoma. Na virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake huishi kwa kupita kutoka flashi hadi flashi, kwenye vibanda vya sekretaria na saiba.

Sokoni kuna hatari nyingine: flashi na diski bandia zinazojitangaza TB 1 au 2 huku chipu yake ikiwa ya GB 32. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, kisha zinaandika juu ya vya zamani. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski nzima na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa. Kuipima usiku mmoja kabla ya kuiamini ni gharama ndogo.

Kuhusu mtandaoni, OneDrive hutoa GB 5 bure, na Windows 11 ikisakinishwa kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi huhamishia "Bureau", "Documents" na "Images" ndani ya folda ya OneDrive bila mtumiaji kuelewa kilichotokea. Ndipo mtu anapotafuta "Documents" na kuziona mbili. Kwa anayelipa mega za Airtel, Vodacom au Orange, kupandisha picha za harusi nzima hakulipi. Starlink ilipata leseni Kongo mwaka 2025 na hesabu hiyo itabadilika kwa wanaoweza kuimudu, ila si kwa kila ofisi ya kijiji. Nyaraka zenyewe ni nyepesi, hizo zinapanda hata kwa mtandao wa simu. Jambo la kujua ni kwamba njia mbili hizi hugombana: OneDrive hukataa kuchukua folda uliyokwisha kuihamishia D kwa mkono, ikidai irudi mahali pake kwanza. Anayetaka zote mbili aiweke folda ya OneDrive yenyewe kwenye D wakati wa kuiandaa.

Wanaosema usihamishe, panua

Hoja yao ni kwamba C ndogo ni ugonjwa na kuhamisha ni kutuliza maumivu. Kama C na D ni patisheni za diski moja, na D ina GB 300 zimelala, kwa nini usiikate D na kuiongeza C? Kimsingi wako sahihi. Kiutendaji, chombo cha Windows cha kusimamia diski hupanua C tu kama nafasi tupu iko mara baada yake. Mara nyingi hapo katikati imekaa patisheni ya uokoaji, na D yenyewe huanzia mbele zaidi. Inabidi kutumia programu nyingine ya kusogeza patisheni, kazi ya saa nyingi kwenye diski ngumu, ambayo umeme ukikatika katikati inaweza kuondoka na vyote. Asiye na nakala asiijaribu.

Njia safi ya kupanua ni kubadilisha diski. Laptopu nyingi za okazioni zenye diski ngumu ya inchi 2.5 hupokea SSD ya SATA ya GB 240 au zaidi, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka upesi. Tena SSD haina sehemu inayozunguka. Kwenye barabara ya taifa namba 27, kompyuta inaposafiri mgongoni mwa abiria wa pikipiki, hilo lina maana: diski ngumu iliyozimwa huegesha vichwa vyake na kustahimili mtikisiko, lakini iliyoachwa kwenye "veille" inaweza kuamka ndani ya begi na kuanza kuzunguka. SSD nayo ina hila yake. Ikijaa sana hupunguza kasi, na ikifa mara nyingi haitoi ule mlio wa kwa-kwa-kwa ambao diski ngumu huutoa kumuaga mwenyewe.

Uzito wa kila upande

Tukirudi kwenye maswali matatu, picha inaonekana. Kwa nafasi, kubadilisha diski kunashinda pale pesa na mashine vinaporuhusu. Kuhamisha folda kunafuata, lakini tu ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba folda hizo ndizo nzito. Kwa kinga dhidi ya fundi, kuhamisha kwa "Emplacement" kunashinda hata kama hakujaokoa GB moja. Hii ndiyo sababu iliyo bora ya kuhamisha, na ajabu ni kwamba wengi hawaitaji.

Kwa swali la tatu, D ya ndani haisaidii kabisa. C na D zilizo kwenye diski moja hufa siku moja. Hata zikiwa diski mbili, mwizi huchukua mashine nzima. Wakazi wa Irumu, eneo ilipo Marabo, hawahitaji kuelezwa jinsi ofisi inavyoweza kuachwa kwa saa moja: Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, humohumo Irumu, ilishambuliwa na kuporwa, na wafanyakazi walionusurika wakaanza upya Oicha. Tangu Mei 2021 mkoa mzima uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mtu anayesema "nimehifadhi, nimeweka D" amechanganya kuhama na kuhifadhi. Faili iliyohamishwa ni moja, ileile. Iliyohifadhiwa iko mahali pawili, na mahali pa pili si ndani ya jengo hilohilo.

Kwa shule au kituo cha afya cha ukubwa wa Marabo, mpango unaostahili ni huu. Profaili na AppData zibaki C. "Documents", "Images", "Vidéos" na "Téléchargements" zihamie folda zake ndani ya KAZI kwenye D, ruhusa zikakaguliwa siku hiyohiyo. "Bureau" iachwe C, kwa kuwa ikikosekana ndiyo inayomtisha mtumiaji kwanza; asiweke kitu kizito pale, basi. Nakala ya KAZI iingie kwenye diski ya nje kila wiki, diski ikae nyumba tofauti na mashine, na ikiwa ina majina ya wagonjwa ifungwe kwa BitLocker, ufunguo wa uokoaji ukiandikwa kwenye karatasi. Kufunga diski kwa BitLocker kunataka toleo la Pro la Windows. Laptopu za okazioni zilizotoka maofisini mara nyingi zinalo. Nyaraka chache zisizoweza kuandikwa upya, kama matokeo ya wanafunzi na daftari la fedha, zipande mtandaoni hata kwa mega za simu.

Kwa kibanda cha kuchapa barua hesabu ni nyingine, kwa sababu faili nyingi ni za wateja na hazina haja ya kukaa. Huko kufuta kila Jumamosi kunafanya kazi kuliko kuhamisha.

Na ile kompyuta ya eMMC ya GB 32 haina jibu zuri. Hakuna D ya ndani, chipu haibadilishwi, na Windows 11 haiwezi kuingia humo. Inaweza kuwekewa Linux nyepesi na kutumiwa kuandikia, kazi ikitoka kila siku kwenda diski ya nje. Rejista za shule zisiwekwe juu yake.